Namna ya Kupima Nafasi ya Wanawake na Jamii za Wachache katika Vyombo vya Habari vya Kiswahili

Chukua sentensi ya kawaida ya gazetini: "Daktari alisema mgonjwa anaendelea vizuri." Hakuna njia ya kujua kama daktari huyo ni mwanamke au mwanamume, wala mgonjwa wake, kwa kuwa kiambishi a- hakibagui jinsia. Anayepima gazeti la Kiingereza hukuta kazi hiyo imekwishafanywa na viwakilishi vya lugha yenyewe. Anayepima gazeti la Kiswahili hana budi kuitafuta jinsia katika jina, katika picha, au katika neno ambalo mwandishi ameliongeza kwa hiari yake. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Lugha haimlazimishi mtu kuandika "rubani mwanamke". Akiandika hivyo ameamua mwenyewe, na kama hajawahi kuandika "rubani mwanamume", amekwishatueleza ni nani anayemhesabu kuwa rubani wa kawaida.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mlezi wa klabu ya wanafunzi, mhariri au kikundi chochote kinachotaka kupima, kwa daftari na kalamu, jinsi wanawake, watu wenye ulemavu na jamii za wachache wanavyoonyeshwa katika magazeti, redio, televisheni na tamthilia za Kiswahili. Nimefanya upimaji wa aina hii mara kadhaa, kwanza nikiwa mhariri msanifu na baadaye pamoja na wanafunzi, na mengi ya makosa nitakayokutahadharisha nayo niliyafanya mimi mwenyewe.

Kuchagua siku

Usianze tarehe 8 Machi. Katika wiki ya Siku ya Wanawake Duniani kila chombo kina mahojiano na mwanamke fundi, mwanamke nahodha na mwanamke mkurugenzi, na daftari lako litajaa sifa ambazo hazitakuwepo wiki mbili baadaye. Ndivyo ilivyo pia kwa tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, tarehe 9 Agosti, siku ya watu wa jamii za asili, na tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu. Kama unataka kupima siku hizo, zipime kwa makusudi na uzilinganishe na siku za kawaida. Tofauti utakayoikuta ni matokeo yanayostahili kuandikwa peke yake.

Upimaji mkubwa kuliko yote wa aina hii duniani ulianza mwaka 1995 na hurudiwa kila baada ya miaka 5, ambapo watu wa kujitolea katika nchi nyingi huhesabu habari za siku moja ile ile. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliozungumziwa au kusikika katika habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Siku moja inawatosha wao kwa sababu wanazo nchi zaidi ya 100. Wewe mwenye magazeti mawili na taarifa moja ya habari ukipima siku moja tu, huenda ukaangukia siku ya bajeti au siku ya msiba wa kitaifa, na hesabu yako ikakuambia habari za siku hiyo badala ya habari za chombo hicho. Njia nzuri ni kuunda wiki ya kuungaunga: Jumatatu ya wiki ya kwanza, Jumanne ya wiki ya pili, Jumatano ya wiki ya tatu, hivyo hivyo mpaka Jumapili ya wiki ya saba. Kwa televisheni, chagua taarifa inayotazamwa na wengi, ambayo Tanzania kwa kawaida ni ya saa mbili usiku na Kenya, kwa Kiswahili, ni ya saa moja jioni. Irekodi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuandika majina na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Daftari na mistari yake

Kila mtu anayetajwa au kusikika katika habari apewe mstari wake. Andika tarehe, ukurasa au nafasi ya habari katika mfuatano, mada, jina, jinsia, kazi au cheo kama kilivyotajwa, kama maneno yake yamenukuliwa moja kwa moja, na kama ana picha. Kisha andika wajibu wake katika habari, maana hapa ndipo tofauti kubwa hujificha. Mtu anaweza kuwa ndiye anayezungumziwa, msemaji wa taasisi, mtaalamu aliyeombwa kufafanua, shuhuda wa tukio, mtu anayesimulia yaliyompata, au mwananchi aliyeombwa maoni barabarani. Gazeti linaweza kuwa na wanawake wengi na bado wote wakawa katika makundi mawili ya mwisho: wanaeleza bei ya nyanya na uchungu wa kufiwa, huku kupanda kwa bei hiyo kukifafanuliwa na mwanamume mwenye shahada. Idadi peke yake ingelisifu gazeti hilo.

Jinsia isiyojulikana iandike kuwa haijulikani. Kishawishi cha kukisia kwa kazi ni kikubwa kuliko unavyodhani. Tulipopitia daftari letu la kwanza, tuligundua kwamba kila "muuguzi" asiye na jina tulikuwa tumemwandika mwanamke na kila "mhandisi" mwanamume, bila yeyote kati yetu kukumbuka alipata wapi habari hiyo. Majina husaidia, lakini si siku zote. Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke. Kwa Wakalenjin, Kip- kwa kawaida huanzia jina la kiume na Chep- la kike. Lakini Riziki, Furaha na Amani huweza kuwa yeyote.

Kuhusu kabila, kuwa mkali zaidi: liandike pale tu habari yenyewe ilipolitaja, wala usilikisie kwa jina au kwa sura. Unachopima hapa ni mwandishi anawataja akina nani kwa kabila lao na kuwaacha akina nani bila kabila.

Watu wawili wahesabu ukurasa mmoja kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Wakitofautiana katika zaidi ya mistari 20 kati ya 100, si kwamba mmoja wao ni mzembe. Maana zenu hazijaeleweka, na inafaa mkae mwafikiane, kwa mfano, kama mwenyekiti wa kijiji aliyeona ajali ni msemaji au ni shuhuda. Kazi hii inachosha, na vikundi vingi huiruka.

Maneno

Hesabu itakuchukua siku chache. Maneno yatakuchukua muda mrefu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mazao zaidi.

Anza na namna ya kuita watu. Katika habari moja, je, wanaume wanatajwa kwa vyeo na jina la ukoo, na mwanamke kwa "mama" au kwa jina la kwanza? Usiharakishe kuhukumu. "Mama" katika Kiswahili ni neno la heshima kubwa, na wanaume nao wana "mzee" na "baba"; Nyerere ni Baba wa Taifa na hakuna anayeona kwamba cheo chake kimepunguzwa. Kitu cha kutazama ni ulinganifu ndani ya habari hiyo hiyo: kama mawaziri watatu wamehudhuria, wawili wakaitwa mawaziri na wa tatu akaitwa mama, weka alama.

Tazama pia hali ya ndoa na watoto. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, baadhi ya wabunge wa Kenya walilijibu vuguvugu lake kwa kuliita kundi la wanawake waliotalikiwa. Hoja ilikuwa bustani. Jibu likawa ndoa. Miaka 15 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na talaka yake haikuwa na uhusiano wowote na tuzo kama isivyokuwa na uhusiano na jengo. Kipimo rahisi cha jambo hili ni kugeuza sentensi. Faith Kipyegon alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 2023, ungeweza kuandika kwamba mama wa mtoto mmoja ameshangaza ulimwengu. Sasa mtaje Eliud Kipchoge kuwa baba wa watoto watatu aliyeshangaza ulimwengu. Kama sentensi ya pili inachekesha, ya kwanza nayo inahitaji sababu ya kuwepo; na huenda sababu ipo, kwa kuwa kurudi kwenye mbio baada ya kujifungua ni habari ya kweli. Basi mwandishi aieleze habari hiyo, asiitumie kama pambo.

Mavazi na sura usizisahau. Waimbaji washindani walimkejeli Siti binti Saad kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Naye akajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na taarabu ya Kiswahili ikasikika mbali kuliko wote waliomcheka. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Chaguo hilo la sauti mahali pa sura nadhani lilikuwa la makusudi.

Kisha kuna kauli ya kitenzi. Nilipokuwa mhariri msanifu nilipitisha kichwa cha habari kuhusu wanafunzi wa shule moja "waliopata mimba", na sikuona kasoro yoyote mpaka miaka mingi baadaye mwanafunzi mmoja alipokisoma kichwa cha aina hiyo kwa sauti na kuuliza: "Walizipata wapi?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Kichwa kile kiliwafanya wasichana kuwa watendaji wa peke yao, na mwanamume akatoweka kabisa. Sheria yenyewe haimsahau: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Waliobeba adhabu mbele ya macho ya watu, hata hivyo, walikuwa wasichana waliozuiwa kurudi katika shule za serikali hadi serikali ilipowaruhusu Novemba 2021. Kwa hiyo weka safu ya kauli ya kutendwa. Kila unapokuta "abakwa", "apigwa", "auawa" au "apewa mimba", andika kama mtenda ametajwa popote katika aya mbili za mwanzo, hata kama jina lake haliwezi kuandikwa kwa sababu za kisheria. "Polisi wanamtafuta mwanamume mmoja" inatosha.

Kwa jamii za wachache, swali la kwanza ni la jina: je, watu hawa hujiita hivyo? Wadatoga wa kaskazini ya kati ya Tanzania huandikwa mara nyingi Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai lenye maana ya maadui. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wamewahi kuitwa Watindiga na majirani. Waogiek wa Kenya huitwa Wadorobo, neno lililotokana na Kimasai kwa mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Na watu hao hao ndio walioishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, kuhusu ardhi yao ya msitu wa Mau. Mwandishi akitumia jina la jirani bila kujua, ni bahati mbaya inayorekebishika kwa simu moja.

Swali la pili ni gumu kidogo, na mfano wake bora ninaoujua ni habari za migogoro ya ardhi. Mara nyingi utasoma kwamba wananchi na wafugaji wamepigana. Isome tena. Wafugaji ni wageni wa nchi gani hata wasiwe wananchi? Maneno mawili yaliyowekwa pande mbili za kiunganishi yamekwishatoa hukumu kabla afisa wa ardhi hajafika.

Kuhusu ulemavu, ushauri unaotolewa sana ni kuepuka maneno kama kipofu, kiwete na kilema kwa kuwa yamo katika ngeli ya vitu. Ushauri wenyewe naukubali, ila sababu hiyo haina nguvu, kwa maana kiongozi na kinyozi nao wamo humo na hawajalalamika. Sababu ya kweli ni kwamba jina la hali moja linammeza mtu mzima, na kwamba wahusika wengi wameomba waitwe vingine. Nasema wengi, si wote: viziwi wa Tanzania wamekiita chama chao Chama cha Viziwi, na kuwabadilishia jina kwa kisingizio cha adabu ni kuwasemea tena. Neno zeruzeru, kwa upande mwingine, linachukuliwa kuwa tusi, na Tanzania husemwa mtu mwenye ualbino. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, hivyo kwa mhariri wa Kenya jambo hili si la hisani tu.

Katika safu hiyo hiyo andika ni habari ya nini. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuripotiwa kwa wingi Tanzania mnamo 2007, waandishi walifanya kazi iliyohitajika sana ya kuyafichua, lakini matokeo yake ni kwamba msomaji amezoea kuwaona watu hawa wakiwa na jeraha au wakiwa kambini. Hesabu habari ambamo mtu mwenye ualbino anatajwa kwa jambo jingine. Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010. Mumbi Ngugi ameandika hukumu nzito katika mahakama za Kenya. Habari ya hukumu inayosimamia hukumu tu, bila kurudi kwenye ngozi ya jaji, ihesabu miongoni mwa hizo za jambo jingine.

Jaribio dogo la utafutaji linafaa hapa. Wamakonde wa Kenya walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 mwaka 2017 baada ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi wakidai vitambulisho. Tafuta jina lao katika gazeti moja, uone mara ngapi limeonekana tangu hapo nje ya habari za uraia na za uchongaji.

Tamthilia, vichekesho na matangazo

Mchoraji wa katuni Alison Bechdel wa Marekani aliweka mwaka 1985, kama mzaha wa kweli, kipimo cha filamu chenye masharti matatu: wawepo wanawake wawili au zaidi, wazungumze wao kwa wao, na wazungumze juu ya jambo lisilo mwanamume. Tamthilia zetu hupita masharti mawili ya kwanza kwa kishindo. Wanawake wamejaa sebuleni: mama mkwe, mkamwana, shoga na jirani, nao husema usiku kucha. Ni sharti la tatu linalozikamata, kwa sababu mazungumzo yao huishia kwa mume, mchepuko au urithi wa mume. Kwa hiyo sharti hilo lipime kwa saa: washa saa wanawake wawili wanapoanza kuzungumza, na uandike dakika ambazo hakuna mwanamume anayezungumziwa.

Ongeza kipimo cha kazi. Ukimaliza sehemu tano za tamthilia, uweze kusema kila mhusika anakula kutokana na nini. Mfuatilie hasa dada wa kazi, ambaye huonekana karibu katika kila nyumba ya tamthilia akiwa na trei mkononi: je, ana jina la ukoo, kijiji, mshahara, shauri lake mwenyewe?

Katika vichekesho, lafudhi ndiyo mtego. Mlinzi ni Mmasai, mwenye duka ni Mpemba au Mhindi anayeharibu Kiswahili, na watazamaji wanacheka kabla mzaha haujasemwa. Sidai kwamba watu wasichekeane kwa lafudhi. Utani wa makabila ni mila ya kale na una adabu zake, mojawapo ikiwa kwamba anayetaniwa naye hujibu. Basi pima hilo: je, Mmasai huyo anapata zamu ya kumtania bwana wa nyumba, na anayemwigiza ni Mmasai?

Matangazo ya biashara yapitie haraka. Andika nani anafua, nani anapika, nani anaendesha gari, na sauti isiyoonekana inayotoa ushauri wa mwisho ni ya nani.

Kutumia matokeo

Usipeleke asilimia peke yake kwa mhariri. Atakujibu, kwa haki, kwamba hakumchagua yeye rais wala mkuu wa mkoa. Waandishi wa BBC walioanzisha mwaka 2017 mpango wa kuhesabu wachangiaji wao walilikwepa jibu hilo kwa kanuni moja: walihesabu tu watu ambao wao wenyewe waliwachagua, kama wataalamu na wachambuzi, wakawaacha wale ambao hakuna mwingine angeweza kuwa mahali pao. Fanya vivyo hivyo. Toa kwenye hesabu kila mtu aliyeko kwa cheo chake, kisha uone waliobaki. Wanawake ni asilimia 51 ya Watanzania kwa sensa ya 2022. Katika orodha ya wale ambao mwandishi alikuwa huru kumpigia yeyote simu, umbali kutoka namba hiyo ni wa kwake mwenyewe.

Peleka barua fupi yenye mifano mitatu, kila mmoja ukiwa na sentensi iliyochapishwa na sentensi unayopendekeza badala yake, kwa urefu ule ule, kwa sababu mhariri msanifu anafikiri kwa herufi na nafasi. Ambatanisha orodha ya wanawake na watu wa jamii husika walio tayari kuhojiwa juu ya kodi, magonjwa ya mazao, sheria au soka, pamoja na saa wanazopatikana, baada ya kuwaomba ruhusa. Orodha hiyo imefanya kazi zaidi kuliko lawama yoyote niliyowahi kuandika. Pale ambapo habari imemdhalilisha mtu waziwazi, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya maadili, na Kenya kuna tume ya malalamiko chini ya Baraza la Vyombo vya Habari. Anayelalamika awe mhusika mwenyewe inapowezekana, au aliyekubali kusemewa.

Rudia upimaji baada ya miezi 6 kwa maana zile zile za mwanzo, hata kama kwa wakati huo utakuwa umekwishagundua zilikuwa na upungufu. Maana mpya zifungulie daftari jingine, na kwa duru hiyo moja mjaze madaftari yote mawili.